Kinu Kwenye Kanda ya Mjomba

Juzi nilikwenda Tanga kwenye arobaini ya Mjomba, na mkobani nilikuwa na kitu ambacho yeye mwenyewe aliniomba nikirudishe, akakingoja miaka, mpaka akaondoka duniani hajakiona. Ni kanda ya kaseti tu. Kasha lake lina ufa, maandishi ya wino wa kijani yamefifia, na ukiipeleka sokoni leo hakuna atakayekupa hata kitumbua kimoja kwa kubadilishana nayo. Lakini nilipoingia ile nyumba ya Ngamiani na kusikia harufu ya pilau ya hitima kutoka uani, ule mkoba ulinilemea kama nimebeba jiwe la kusagia. Niliukumbatia kifuani, nikawaamkia wakubwa, nikakaa mkekani na wanawake wenzangu, na muda wote wa kisomo sikuuweka chini.

Ngoja nikueleze vizuri, maana najua utaniuliza kanda gani hiyo ya kumkosesha mtu mzima raha.

Mjomba hakuwa mjomba wangu wa damu. Alikuwa mpangaji wa chumba cha mbele katika nyumba ya bibi yangu, kile chenye dirisha la barazani. Sisi watoto tulimwita hivyo kwa sababu mtu mzima mwenye haki ya kukuchapa akikukuta unachezea maji ya mtaro lazima umtafutie cheo katika ukoo. Mchana alikuwa fundi redio. Watu walikuja na redio zao zimefungwa kwenye kanga kama wagonjwa, naye alizifungua palepale barazani, skrubu akazibana midomoni, akawa anajibu salamu kwa kutikisa kichwa. Lakini jioni alikuwa mtu mwingine. Jioni alipiga muziki, na muziki wenyewe haukuwa taarabu wala dansi tulilolizoea mjini. Yeye alisema anapiga roki.

Roki aliipata kwa njia ya ajabu. Baba yake alikuwa mpishi wa Mgiriki mmoja kwenye shamba la mkonge upande wa Muheza. Yule Mgiriki alipofunga virago kurudi kwao, aliacha mbwa wawili, gramafoni, sanduku la santuri, na gitaa la umeme lililokatika nyuzi. Mpishi akachukua mbwa kwa huruma, mwanawe akachukua vilivyobaki. Mjomba alizisikiliza zile santuri mpaka akazijua hata mikwaruzo yake. Maneno hakuyaelewa, na alisema hiyo ndiyo ilikuwa bahati yake, kwa sababu asiyeelewa maneno ya mtu hulazimika kutafuta ya kwake.

Na ya kwake aliyapata. Hapo ndipo mimi, hata leo, hushindwa kumweleza mtu ambaye hakumsikia. Miaka ile ya foleni za sukari alitunga wimbo wa foleni, gitaa likinguruma kwa hasira na yeye akitaja kwa utaratibu kila kitu ambacho mtu anaweza kukipanga foleni akakikosa, mpaka mwisho anapanga foleni ya kwenda kulalamika, nayo anaambiwa imekwisha. Watu walikuwa wakicheka huku wanauma meno. Kisha mtu huyohuyo, wiki hiyohiyo, alitunga wimbo wa harusi ya Kigombe, mpole, nyuzi zinadondoka mojamoja, nao hautaji mapenzi hata mara moja. Unamtaja tu msichana anayesuka ukili huku akichelewesha makusudi kuumaliza, kwa sababu mkeka ukiisha ataolewa aondoke kwa mama yake. Wanawake wa Kigombe walilia kwenye harusi kama wako msibani. Wale wafanyakazi wa mashamba kule Maramba, waliotoka bara na makanisa yao, alikuwa akiwapigia kila Krismasi, na kwao alitunga wimbo wa sauti nne kama kwaya, lakini chini ya zile sauti ngoma inapigwa Kidigo. Alipiga gitaa la solo, rizimu na besi, alipiga kinanda, na tumba zikikosa mtu alizipiga mwenyewe. Mtu mmoja, na kila wimbo utadhani umetungwa na mtu mwingine.

Gitaa lenyewe lilikuwa na sauti ambayo sijapata kuisikia tena. Spika yake aliichana kwa wembe makusudi, fundi mzima, ili sauti itoke inakwaruza. Bibi alisema lile gitaa lina mafua, lifukizwe mchaichai. Kila likianza kukoroma, bibi aliitikia kwa kulitakia afya kama mtu aliyepiga chafya, na Mjomba alicheka mpaka akapoteza wimbo.

Studio hakuwa nayo, basi alirekodi uani kwetu. Alikuwa na redio kaseti mbili alizozikarabati mwenyewe. Alirekodi gitaa kwenye ya kwanza, kisha akaipiga hiyo huku akiimba, na ile ya pili ikadaka vyote viwili. Halafu akageuza, akaongeza besi, akageuza tena, akaongeza tumba. Aliita kurundika. Kila safu mpya ilipoongezeka, ile ya chini ilirudi nyuma kidogo, kama mtu anayeendelea kuimba huku anaelekea chumba cha ndani. Siku ya kurundika, nyumba nzima ilijua. Jogoo alifunikwa tenga. Sisi watoto tulikatazwa hata kukohoa. Mpangaji wa chumba cha nyuma, mama mmoja Msambaa wa Lushoto, Mlutheri aliyeimba kwaya, aliacha kufua ili aje kuweka sauti ya pili, na povu lilikuwa bado mikononi.

Bibi peke yake ndiye aliyegoma kunyamaza. Kaka yake alikuwa akimletea mpunga kutoka Maramba, na bibi aliutwanga kila siku baada ya sala ya alasiri, wakati uleule ambao umeme ulikuwa na adabu ya kuwepo. Mjomba alimbembeleza angoje nusu saa tu. Bibi akamwambia mpunga wake hautojitwanga wenyewe, na hajapata kuona gitaa limeshibisha nyumba. Mchi ukaendelea kushuka. Mtu mwingine angekasirika. Mjomba alikaa kitako kwenye ngazi ya jikoni, akasikiliza mchi kwa muda mrefu, kichwa kimeinama, kisha akasogeza redio yake karibu na kinu na kumwambia bibi aendelee vilevile, asiharakishe wala asipunguze.

Alikuwa tayari na wimbo, lakini aliuvunja palepale. Akaupunguza mwendo uufuate mchi. Bibi akichoka na kupumua, gitaa nalo likasubiri. Bibi akibadilisha mkono, wimbo ukageuka. Maneno aliyapata pale pale, nasi tuliokuwepo tuliyaona yakija:

Twanga mama, twanga mama, pumba zirukie mbali,
zilizobaki ni njema, chache lakini halali.

Jambo ambalo sikulijua utotoni, na ambalo nimelijua kwa kuisikiliza ile kanda ukubwani, ni ustadi uliomo. Hakumfanya bibi ngoma yake. Alijifanya yeye mpambe wa bibi. Kila kitu kwenye ule wimbo, mafua ya gitaa, besi, ile sauti ya kwaya ya Lushoto, kimepangwa kumzunguka mwanamke mmoja anayetwanga mpunga wa chakula cha usiku. Ukisikiliza vizuri utasikia hata anavyomumunya maneno ya uradi kati ya pigo na pigo, kwa sababu bibi hakupoteza muda wa mikono bila kumtaja Mola wake. Na mwisho kabisa, gitaa likishanyamaza, mchi unapiga mara moja ya ziada, kisha bibi anasema kwa sauti ya mtu aliyegundua kuwa amekuwa akifurahi:

"Umenitia dhambini weye, na uzee wangu huu."

Mjomba anacheka. Anasema, "Tutagawana, mama."

Uani tukaangua kicheko sote, na kicheko hicho nacho kimo, mpaka kanda inakatika. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya lile tenga la jogoo. Sauti nyembamba kuliko zote ni yangu.

Nilipofaulu kwenda sekondari ya bweni, mbali huko penye baridi, bibi alinifungia mkate wa kumimina na pilipili ya kusaga, na Mjomba alinipa kanda. Nyimbo zake zote alizozipenda alizihamishia humo, ule wa kinu ukawa wa mwisho. Vile vidude viwili vya juu alivivunja kwa bisibisi ili mtu asije akarekodi kitu kingine juu yake kwa bahati mbaya. Akaniambia nikiikumbuka nyumba, nisikilize. Nilisikiliza. Wenzangu bwenini walikuwa na picha za wazazi wao, mimi nilikuwa na kinu.

Sikuwepo mambo yalipogeuka. Niliyakuta likizo, bibi akanisimulia. Mjomba alikuwa amekwenda kupiga kwenye harusi Kigombe, na harusi za huko enzi hizo hazikuwa za siku moja. Akiwa huko, mama yake mzazi alifariki kwao Muheza. Simu hazikuwepo, aliyetumwa kumtafuta alimfuata Pangani badala ya Kigombe, na maiti ya Kiislamu haingojeshwi. Mjomba alirudi na gitaa begani, akakuta udongo umeshakauka. Bibi alisema hakulia. Alikaa barazani akiwa ameangalia vidole vyake, na watu walipompa mkono wa pole aliwaambia neno moja tu, kwamba mama yake amezikwa yeye akiwa jukwaani.

Tangu siku hiyo hakugusa gitaa. Alilikabidhi kwa wale wa Maramba, wakalitumie kanisani kwao. Redio aliendelea kutengeneza, lakini akizijaribu ni kwa taarifa ya habari tu, ukianza muziki anazima. Kisha akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Alibisha hodi, akakaribishwa, akakaa, akaomba arudishiwe kanda zake. Aliwaeleza kuwa yeye ametubu, lakini nyimbo zake hazijui hilo, zinaendelea kupigwa na watu kucheza, na kila zinapopigwa yeye anaandikiwa dhambi. Akiwa hai anaweza kupita kuomba. Akishaingia kaburini hataweza kutoka kuja kumnyang'anya mtu redio. Alisema hivyo huku akitabasamu, lakini alichokisema hakikuwa mzaha, na watu wa Tanga, ambao kwa ubishi hawajambo, hawakumbishia. Walimpa. Bibi alimpa zake zote.

Zile kanda alizipeleka chuoni kwa watoto wanaosoma Kurani, wazibe kwa karatasi vile vitundu vya juu, palipovunjwa vidude, na kurekodi kaswida juu yake. Wadogo zangu waliosoma pale wamenihadithia kuwa zile redio za chuo zilikuwa mbovu na hazikufuta sawasawa, basi katikati ya kaswida, watoto wakivuta pumzi, ulisikia kwa mbali gitaa lenye mafua linakoroma. Watoto walibana vicheko. Mwalimu wao alijifanya hasikii, na mimi hujiuliza kama kweli hakusikia.

Mjomba akawa muadhini wa msikiti wa mtaani. Sauti ile ile. Alfajiri ilipopanda, wanawake waliokuwa wakiwasha moto walisimama kwanza. Bibi alisema Mungu hakumnyang'anya kitu, amembadilishia kazi tu. Akaniambia pia, kwa sauti ya chini, kwamba ikiwa ninayo ile kanda ya shule, nimrudishie mwenyewe, nisimbebeshe mtu mzigo ambao ameomba kutuliwa.

Nilikuwa nayo. Ilikuwa bwenini, chini ya mto.

Sasa hapa ndipo roho inaponisuta, na wala siyo kwa jambo la zamani lililokwisha, maana nilikuwa bado nafanya hivi hata wiki iliyopita. Nilipopata kazi Dodoma nikaja Tanga na zawadi, kanzu ya Mjomba na kanga za bibi, nilimkuta barazani na redio ya mtu mapajani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akaniuliza habari za huko kusiko na bahari. Tukazungumza mengi. Mwishoni akaniuliza kama ile kanda bado ninayo. Nikamwambia ninayo.

"Basi ukiweza, niletee," akasema. "Sikulazimishi, mwanangu. Nilikupa mwenyewe kwa mkono wangu."

Hakuniuliza tena maisha yake yote. Angenikaripia ningempa siku ileile. Lakini Mjomba alikuwa akinipokea kwa furaha kila nilipokuja, akiuliza watoto, akinitengenezea pasi iliyoungua, na nikiaga ananisindikiza mpaka barabarani, na macho yake yanaupitia mkoba wangu mara moja, kisha yanatazama kwingine. Kila safari niliibeba. Naapa niliibeba. Kila safari nilisema safari hii nitampa, na kila safari ilirudi nami Dodoma. Watu husema Tanga ni waja leo waondoka leo. Ile kanda ndiyo iliyoujua msemo huo kuliko wote.

Mwanzoni sababu ilikuwa uchoyo mtupu. Nilizipenda zile nyimbo, basi. Baadaye bibi alifariki. Picha yake tuliyo nayo ni moja, ya kitambulisho, amenuna kwa sababu mpiga picha alimwambia ashushe ushungi. Sauti yake haiko popote duniani isipokuwa mwisho wa upande wa pili wa kanda ambayo Mjomba anataka ifutwe. Nikaanza kujitetea. Nikawa nasema mimi sichezi, mimi nasikiliza kinu. Mimi namsikiliza bibi. Lakini wewe unajua, na mimi najua, kwamba sikuwa naanzia mwisho wa kanda. Nilikuwa naanzia mwanzo, kwenye wimbo wa foleni, natikisa kichwa nikikatakata vitunguu, na likiingia lile gitaa nyonga yangu haiulizi ruhusa. Halafu wimbo ukiisha namkumbuka mzee wa watu, barazani, anangoja. Nikawa nafurahi na kuumia kwa kitu kimoja, kwa dakika zilezile. Hakuna aliyenilaumu. Ningefarijika kama angekuwepo.

Siku ya arobaini, basi, wageni walipokwisha kula na uani kukabaki mlio wa masufuria yanayosuguliwa kwa mchanga, nilimwita binti wa Mjomba. Alimpata uzeeni, kwa mke aliyemuoa baada ya kuacha muziki. Ni mwalimu wa chuo cha Kurani, msichana mtulivu mwenye macho ya baba yake. Hajawahi kumsikia baba yake akiimba, isipokuwa adhana. Tukaingia kile chumba cha mbele, bado kina harufu ya risasi ya kulehemu. Nikafungua mkoba. Kabla sijaitoa, akaniambia anajua ni nini.

"Baba alinambia imebaki moja, ipo kwako," alisema. "Alisema usiombwe."

Nikauliza alisema nini kingine. Akasema hakuna kingine, ila alisisitiza, dada asiombwe, akiweza ataleta mwenyewe. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikamwekea ile kanda mkononi, nikamwambia naomba radhi mimi mwenyewe, na aifanye lolote ambalo baba yake angetaka.

Alikaa nayo. Aliigeuza. Alisoma mwandiko wa wino wa kijani, akapitisha kidole pale vidude vilipovunjwa. Kisha akainuka, akafunga mlango, akachukua redio moja kati ya zile zilizobaki rafuni bila wenyewe kuzifuata, akaichomeka.

"Mara moja tu," akasema, na sijui alikuwa akimwambia nani.

Sauti tuliiweka chini kabisa, vichwa vyetu vimegusana juu ya spika. Wimbo wa foleni alianza kuusikiliza akiwa ameziba mdomo kwa mtandio. Pale mtu anapopanga foleni ya kwenda kulalamika, mabega yake yalitikisika, nikajua anacheka. Ukaja wimbo wa Kigombe. Aliirudisha kanda nyuma mara mbili kwenye ule mstari wa msichana anayechelewesha ukili, akaniuliza baba aliyajuaje mambo ya wanawake, nikamwambia alikuwa akisikiliza. Wimbo wa Maramba, wa kanisani, nilidhani angeuruka. Hakuuruka. Upande wa pili ukafika mwisho, kinu kikaanza, na bibi yangu akaingia chumbani mle na pumzi zake na uradi wake, hai kabisa, na mimi sikuweza tena kujizuia.

Aliniuliza ni nani anayetwanga. Nikamwambia. Akaniuliza kama sauti ya bibi inaweza kubaki na ya baba ikafutwa. Nikamweleza habari ya kurundika, kwamba vyote viko kwenye utepe mmoja, ukimgusa mmoja umewagusa wote, hata mimi juu ya tenga la jogoo. Akatikisa kichwa polepole. Kisha bibi akasema lile neno lake la kutiwa dhambini, na Mjomba akacheka.

Yule msichana alishtuka. Aliniambia hajapata kumsikia baba yake akicheka hivyo. Alimjua mtu mwema, mpole, anayetabasamu. Kicheko kile, cha mtu aliyefurahi mpaka chini, hakukikuta nyumbani. Alilia bila sauti, akiwa ameishika redio kwa mikono miwili. Nilimngoja. Nilidhani atauvuta ule utepe wote nje, na nilikuwa tayari, nilikuwa nimeshaagana na bibi.

Alipotulia aliitoa kanda, akaipangusa kwa pindo la mtandio, akanirudishia.

"Chukua, dada. Ikibaki kwangu nitaisikiliza kila siku," akasema. "Na kuifuta siwezi. Siwezi kumzika mara ya pili."

Nilimwambia na mimi siwezi kuendelea kuibeba. Akasema hata yeye anajua. Akanikumbusha tulichofundishwa sote chuoni tukiwa wadogo, kwamba hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwenziwe. Alilisema kama mwalimu, kisha akanishika mkono na kuufunga mkoba wangu yeye mwenyewe.

Nilitoka kupitia uani. Kinu kipo bado, kimepasuka, wamekigeuza juu chini na kuwekea ndoo. Mwakani hakitakuwepo, kwa sababu nyumba yenyewe tunaivunja, wajukuu tumekwisha kukubaliana, mbele zitajengwa fremu za maduka. Nami nilitia saini kama wenzangu. Yule mama wa Lushoto alirudi kwao zamani. Msikitini sasa wanaadhini vijana, sauti nzuri, lakini alfajiri iliyofuata sikuona mwanamke aliyesimama kusikiliza. Hata mchele nilioununua njiani kwa ajili ya rambirambi ulikuwa umekobolewa kwa mashine, umefungwa kwenye mfuko wenye picha ya ua.

Kwa hiyo ninayo. Sitaki unihesabie haki. Nimejiwekea utaratibu kwamba kila nikiisikiliza, nikimaliza naketi, namsomea Mjomba Fatiha, na bibi naye ya kwake, namwomba Mungu kama kuna alichoandikiwa Mjomba kwa ajili yangu basi kiandikwe kwangu. Kuna siku naona hesabu inakwenda sawa. Kuna siku najua najidanganya, kwamba ningempenda kweli ningemtii, na usingizi unakataa. Lakini Ijumaa inapita, Jumamosi inapita, Jumapili nikiwa peke yangu jikoni naitafuta ile redio.

Wimbo wa kinu unakuja mwisho. Gitaa linanyamaza, mchi unapiga ule mpigo wake wa ziada. Bibi anasema ametiwa dhambini na uzee wake. Mjomba anacheka kile kicheko ambacho mwanawe hakukijua, anamwambia, tutagawana, mama. Na mimi, mtu mzima, mkono mmoja kwenye kitufe cha kuzimia, huwaambia wote wawili kila mara: na fungu langu msilisahau.